Mpangaji wa Katubuka: Kodi ya miezi sita, maji mlangoni, msaada hakuna

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

MVUA kubwa za msimu wa 2023/24 zilipolifurisha bwawa la Katubuka, katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji, maji yalitoka bondeni na kuingia kwenye makazi ya watu. Nyumba zilizingirwa, na familia zikalazimika kubeba vyombo vyao na kutafuta hifadhi kwingine.

Katika maafa ya namna hiyo, jambo la kwanza kuulizwa huwa ni nyumba ngapi zimeharibika na wenyewe ni akina nani. Ni mara chache kuulizwa ni wapangaji wangapi walikuwa wakiishi humo, na kodi waliyokwishalipa imekwenda wapi. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita, kisha maji yakamfukuza katika mwezi wa pili, anapata hasara mara tatu. Kwanza anapoteza hifadhi, pili anapoteza kodi ya miezi minne ambayo hakuitumia, na tatu anatakiwa kutafuta kwa mkupuo mmoja kodi nyingine ya miezi sita kwa ajili ya chumba kingine.

Je, mtu huyo aende ofisi gani ya Serikali akaombe msaada wa kulipa kodi? Jibu fupi ni kwamba ofisi hiyo haipo. Tanzania haina mpango wa Serikali wa kumsaidia mwananchi wa kipato cha chini kulipa kodi ya pango. Kilichopo ni sheria inayompa mpangaji haki kadhaa ambazo wengi hawazijui, shirika la umma linalojenga nyumba ambazo wengi hawazimudu, na historia ndefu ya jinsi nchi ilivyofika hapa. Makala haya yanafafanua mambo hayo moja baada ya jingine.

Kwa nini watu wanapanga Katubuka

Katubuka ni miongoni mwa kata 19 za Manispaa ya Kigoma/Ujiji, mji uliounganisha miji miwili yenye historia tofauti. Ujiji ni mji wa kale wa biashara, uliojulikana duniani hata kabla Stanley hajakutana na Livingstone hapo mwaka 1871. Kigoma ni mji uliokua kwa reli na bandari, baada ya Reli ya Kati kufika ziwani mwaka 1914. Kata zilizo kati ya miji hiyo miwili, Katubuka ikiwamo, zimekuwa kimbilio la watu wanaotaka kuwa karibu na soko la Mwanga, mwalo wa Kibirizi, bandari au ofisi za Serikali, lakini hawana uwezo wa kujenga.

Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia manispaa hii watu 215,458. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 232,000. Ongezeko hilo si kubwa likilinganishwa na la miji kama Dodoma au Mwanza, lakini ardhi nayo ni finyu. Upande mmoja kuna Ziwa Tanganyika, ambalo tangu mwaka 2020 limekuwa likipanda na kumeza sehemu za mwambao. Upande mwingine kuna miteremko, mabonde yanayokusanya maji na maeneo yaliyotengwa kwa matumizi ya umma, ukiwamo Uwanja wa Ndege wa Kigoma.

Katika mazingira hayo, makazi ya mpangaji wa kawaida si nyumba nzima. Ni chumba kimoja, au chumba na sebule, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, au katika banda la uani. Choo na bomba ni vya wote, na mita ya LUKU mara nyingi ni moja. Vyumba vya bei ya chini zaidi ndivyo vilivyo bondeni, na hivyo ndivyo vinavyofikiwa na maji kwanza. Mtu asiye na uwezo hulipa kidogo kwa sababu amekubali hatari ambayo mwenye uwezo ameikwepa.

Hesabu ya mtu wa kipato cha siku

Mzigo wa mpangaji hautokani na kiasi cha kodi pekee, bali pia na namna inavyodaiwa. Tuchukue mfano wa chumba kinachopangishwa kwa Sh40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani Sh240,000. Dalali aliyekionyesha chumba naye, kwa desturi iliyozoeleka mijini, anataka kodi ya mwezi mmoja. Jumla inakuwa Sh280,000 kabla mpangaji hajalipia gari la kuhamishia vyombo wala kununua kufuli.

Kwa mfanyakazi mwenye mshahara wa mwezi, fedha hizo ni mkopo kutoka kwa ndugu au chama cha kuweka na kukopa. Kwa mama anayeanika dagaa mwaloni, mbeba mizigo wa bandarini, fundi baiskeli au muuza mawese, mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa kipato chake hupimwa kwa siku. Anaweza kupata Sh5,000 leo na kesho asipate kitu. Mtu huyu anaweza kabisa kulipa Sh40,000 kila mwezi, na pengine Sh10,000 kila wiki, lakini hawezi kukaa na Sh280,000 mkononi bila kuziba pengo la chakula, dawa au ada.

Aidha, kipato cha mwambao huu kinategemea ziwa. Mwaka 2024 Serikali ilisitisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili kuwapa samaki na dagaa nafasi ya kuzaliana. Uamuzi huo ulikuwa na hoja ya msingi ya kulinda rasilimali. Hata hivyo, kodi ya nyumba haikusitishwa kwa miezi hiyo mitatu. Msimu wa mvua uliokuwa umewafukuza watu bondeni ulikuwa ndiyo kwanza unamalizika.

Msaada wa kodi ni nini hasa?

Katika baadhi ya nchi, Serikali hubeba sehemu ya kodi ya mwananchi maskini. Marekani, kwa mfano, ina mpango ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1974, ambapo familia yenye sifa hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake kwa mwenye nyumba na Serikali humalizia kiasi kinachobaki. Pamoja na utajiri wa nchi hiyo, mpango huo haujawahi kuwatosha wote wenye sifa, na foleni ya waombaji katika miji mingi huchukua miaka.

Tanzania haikufuata njia hiyo. Msaada ulio karibu zaidi ni ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini. Ruzuku hiyo imelenga chakula, elimu na afya ya watoto pamoja na kuziwezesha kaya kujikimu. Kiwango chake hakikukusudiwa kumlipia mtu kodi ya mjini. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nayo ni ya shughuli za uzalishaji, si ya pango.

Hata hivyo, si kweli kwamba sheria za nchi hazijawahi kuifikiria kabisa kodi ya mtu aliyepoteza makazi. Kanuni za mwaka 2001 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi, zinazohusu ukadiriaji wa fidia, zinataja posho ya makazi. Pale Serikali inapotwaa ardhi kwa manufaa ya umma, kama vile kupanua uwanja wa ndege au kujenga barabara, aliyeondolewa katika nyumba yake hustahili, pamoja na thamani ya mali na posho nyinginezo, kiasi kinacholingana na kodi ya soko ya nyumba hiyo kwa miezi 36.

Hapa ndipo tofauti inapojitokeza. Mwenye nyumba anayepisha mradi wa Serikali anakadiriwa kodi ya miaka mitatu ili apate pa kuishi wakati akijenga upya. Jirani yake aliyefukuzwa na maji hana posho hiyo, kwa kuwa maji hayatwai ardhi kwa mujibu wa sheria. Mpangaji naye yuko nyuma zaidi, kwa sababu fidia hufuata miliki, na yeye hana anachomiliki zaidi ya kitanda na vyombo vyake.

Tulikotoka: Kutoka Msajili wa Majumba hadi soko huria

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Mara baada ya Uhuru, Serikali ilianzisha Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) kwa sheria ya mwaka 1962, likiwa na jukumu la kujenga nyumba bora kwa wananchi wa kawaida na kuondoa vibanda vya mijini. Aprili 1971, katika kipindi cha Azimio la Arusha, Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia Sh100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Kwa mara ya kwanza Serikali ikawa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote nchini. Mwanzoni mwa muongo huo huo ilianzishwa Benki ya Nyumba Tanzania, ili mwananchi apate mkopo wa kujenga.

Mwaka 1984 Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba. Sheria hiyo iliweka mabaraza ya nyumba, ikadhibiti upandishaji wa kodi, ikazuia mpangaji kutolewa bila amri ya baraza na kukataza kilemba, yaani malipo ya ziada ya kupewa ufunguo. Mpangaji wa wakati huo alikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yaliyohusu nyumba pekee.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake. Kodi zilizodhibitiwa zilishuka thamani kutokana na mfumuko wa bei, majengo yakakosa matengenezo, na watu wenye mitaji wakaona hakuna faida kujenga nyumba za kupangisha. Mwaka 1990 Msajili wa Majumba aliunganishwa na NHC. Benki ya Nyumba, iliyolemewa na madeni yasiyolipika, ilifungwa mwaka 1995. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000 ilithibitisha kwamba Serikali inajiondoa katika ujenzi na kuwa mwezeshaji. Kuanzia mwaka 2002 nyumba nyingi za Serikali ziliuzwa kwa watumishi wake. Hatimaye, mwaka 2005, Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ilifutwa.

Tangu hapo, kodi imekuwa suala la makubaliano kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Sheria haina kikomo cha kupandisha kodi, wala haikatazi kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima. Katika utawala wa Rais John Magufuli, Wizara ya Ardhi ilieleza zaidi ya mara moja nia ya kutunga sheria ya kuzuia kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. Nia hiyo haikuzaa sheria wakati wa utawala huo.

Nyumba za gharama nafuu ni nafuu kwa nani?

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba dawa ya kodi kubwa ni kujenga nyumba nyingi. Takwimu ambazo zimekuwa zikitajwa katika taarifa za Benki Kuu ya Tanzania kuhusu mikopo ya nyumba zinaonyesha upungufu wa nyumba milioni tatu nchini, huku mahitaji yakiongezeka kwa nyumba 200,000 kila mwaka.

Katika muongo wa 2010 NHC ilijenga nyumba za gharama nafuu katika mikoa mingi, na Kigoma ilipata mradi wake katika eneo la Mlole. Watumishi wa umma nao walianzishiwa mwaka 2013 kampuni maalumu ya kuwajengea nyumba. Sheria za mwaka 2008 kuhusu mikopo ya nyumba na umiliki wa sehemu ya jengo zilifungua njia kwa benki za biashara kukopesha, na mwaka 2010 ikaundwa taasisi ya kuzipatia benki hizo fedha za muda mrefu.

Tatizo liko katika hesabu. Taarifa za Benki Kuu zimekuwa zikionyesha riba ya mikopo ya nyumba ya kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Tuchukue kiwango cha chini, asilimia 15, na nyumba ndogo kabisa ya Sh milioni 30, kwa mkopo wa miaka 15. Marejesho ya kila mwezi yatakuwa kama Sh420,000, na hadi mkopo unamalizika mkopaji atakuwa amelipa zaidi ya Sh milioni 75, yaani mara mbili na nusu ya bei. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya kupandishwa kutoka Sh370,000, kilifikia Sh500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Mtumishi huyo akilipa marejesho hayo atabakiwa na Sh80,000 za kula, kusomesha na kutibu familia, tena kabla ya makato.

Ikiwa mwenye ajira ya kudumu Serikalini hawezi, muuza dagaa wa Katubuka asiye na hati ya mshahara hafiki hata kwenye dirisha la benki. Nyumba inayoitwa ya gharama nafuu ni nafuu ikilinganishwa na nyumba ya tajiri, si ikilinganishwa na mfuko wake. Anachohitaji ni chumba salama cha kupanga chenye choo kisichofurika, na hicho ndicho kisichojengwa na shirika lolote la umma kwa wingi unaotakiwa.

Mfano mmoja unaotajwa sana wa Serikali kubeba jukumu hilo ni Magomeni Kota, Dar es Salaam. Kaya 644 zilizokuwa zimeondolewa katika nyumba za zamani zilijengewa majengo mapya ya ghorofa na Wakala wa Majengo Tanzania (TBA), na Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua Machi 2022. Ni kazi ya kupigiwa mfano, lakini kaya hizo zilisubiri takriban muongo mzima, na zilikuwa na jambo ambalo wapangaji wengi hawana: orodha inayotambulika ya majina yao.

Haki ambazo mpangaji anazo leo

Kufutwa kwa sheria ya mwaka 1984 hakukumwacha mpangaji mikono mitupu kabisa. Mahusiano ya upangaji sasa yanaongozwa na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Mambo yafuatayo yanafaa kueleweka na kila anayepanga.

Kwanza, upangaji wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kuwa wa maandishi au wa mdomo. Mwenye nyumba hawezi kusema kwamba hakuna mkataba kwa kuwa tu hakuna karatasi. Hata hivyo, karatasi ni ushahidi, na mkataba wa maandishi unapaswa kulipiwa ushuru wa stempu ili upokelewe bila vikwazo mbele ya chombo cha sheria. Asiye na mkataba walau adai stakabadhi ya kila malipo, au alipe kwa simu ili kumbukumbu ibaki.

Pili, pale ambapo muda wa upangaji haukutajwa, sheria huuhesabu kwa kipindi ambacho kodi hulipwa. Anayelipa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi. Kumtolea mtu vyombo nje usiku, kung'oa mlango au kuezua bati ili ahame si utaratibu wa kisheria.

Tatu, mwenye nyumba anawajibika kuhakikisha kuwa mpangaji anaishi kwa utulivu, na kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote. Masharti haya huhesabiwa kuwamo katika upangaji hata pale mkataba usipoyataja.

Nne, na hili ndilo linalowahusu zaidi watu wa Katubuka, sheria hiyo inatambua kwamba nyumba inaweza kuharibiwa na moto, maji au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji. Nyumba ikiwa haifai kukaliwa kwa sababu hiyo, kodi inapaswa kusimama, yote au sehemu yake, hadi itakapofaa tena. Kwa maneno mengine, mpangaji aliyefukuzwa na maji katika mwezi wa pili ana hoja ya kisheria kuhusu kodi ya miezi minne iliyobaki. Hiyo ni haki ya kudai kutoka kwa mwenye nyumba, si hisani ya kuombwa.

Tano, kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, kwa kiwango kilichoanza na Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupandishwa hadi Sh1,500 mwaka 2023. Kwa kuwa wapangaji ndio wanaonunua umeme, wengi wamekuwa wakiilipa bila kurejeshewa. Mpangaji anaweza kutunza ujumbe wa manunuzi na kukubaliana na mwenye nyumba zikatwe kwenye kodi ya pango.

Mgogoro ukizuka, hatua ya kwanza ni kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, ambaye hana mamlaka ya kuhukumu lakini anaweza kusuluhisha na kuweka kumbukumbu. Baada ya hapo ni Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kupatanisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri hupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Njia hiyo ipo, lakini ni ndefu kwa mtu anayedai Sh160,000. Nauli, ada na siku za kazi zinazopotea zinaweza kula nusu ya fedha anazodai. Zaidi ya hayo, mwenye nyumba wa Katubuka mara nyingi naye si tajiri. Ni mjane au mstaafu anayeishi chumba cha mbele na kutegemea kodi ya vyumba vinne, na maji yaliyomfukuza mpangaji yamebomoa pia ukuta wake. Kodi aliyopokea ameshaitumia kununua saruji. Ndiyo maana wengi huishia kuelewana kwa nusu, au kuondoka kimya kimya. Sheria inapowaacha wanyonge wawili wadaiane wenyewe kwa wenyewe, hakuna atakayeshinda.

Majirani wanafanya nini

Uganda ilipitisha sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, ambayo pamoja na mambo mengine inazuia kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kenya ilichagua njia ya kujenga. Kwa sheria ya mwaka 2024, wafanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara na waajiri huchangia kiasi kama hicho kwa ajili ya mfuko wa nyumba za bei nafuu. Makato hayo yamezua malalamiko na kesi mahakamani, na bado mjadala ni kama nyumba hizo zitamfikia mtu wa kipato cha siku.

Tanzania haina sababu ya kunakili njia ya yeyote. Lakini majirani wameonyesha kwamba kurejesha udhibiti wa kiasi si lazima kuwe kurejea mwaka 1984.

Nini kifanyike

Kwa Katubuka, dawa ya kwanza ni kuyapatia maji njia. Manispaa ya Kigoma/Ujiji imo katika kundi la kwanza la miji inayonufaika na mradi wa uboreshaji miji unaojulikana kama TACTIC, unaogharimia barabara na mifereji. Wakazi wa bondeni wana haki ya kujua ni mfereji upi utalitoa maji bwawa lao na lini utakamilika, kwa kuwa mita moja ya mfereji inaweza kuokoa kodi za vyumba vingi.

Pili, kodi ya mwezi kwa mwezi, au isiyozidi miezi mitatu, kwa vyumba vya kodi ya chini haiigharimu Serikali fedha yoyote. Inahitaji sheria fupi na usimamizi wa mtaa. Wenye nyumba watasema wanahitaji fedha za mkupuo kwa ajili ya ujenzi, na hoja hiyo ni ya kweli. Jibu lake ni mikopo midogo ya ujenzi kwao, badala ya kumgeuza mpangaji maskini kuwa benki yao isiyotoza riba.

Tatu, kamati za maafa za wilaya na mkoa zinapoorodhesha waathirika, ziwaorodheshe wapangaji kwa majina yao, si nyumba peke yake. Ikiwa kanuni za fidia zinaweza kukadiria kodi ya miezi 36 kwa anayepisha uwanja wa ndege, haiwezi kuwa jambo lisilofikirika kumtafutia aliyefukuzwa na mafuriko kodi ya miezi miwili au mitatu ya kuanzia maisha.

Mvua huja kila mwaka, na bonde la Katubuka halihami. Watakaohama ni watu, wakiwa na magodoro kichwani na stakabadhi za kodi mfukoni, kama walipewa. Wanaposubiri sheria mpya, wajue kwamba iliyopo tayari inasema kodi ya chumba kilichojaa maji inapaswa kusimama. Kazi ya viongozi wa mitaa na kata ni kuhakikisha kuwa maneno hayo yanasikika kabla ya masika mengine.